Baiskeli za Umma: Kigali Yajaribu, Majirani Watazama

Mwezi Septemba mwaka 2021 jiji la Kigali, makao makuu ya Rwanda, lilizindua mpango wa baiskeli za umma ulioendeshwa na kampuni iitwayo Guraride. Baiskeli zilipangwa katika vituo maalumu kando ya barabara, nazo zilikuwa wazi kwa kila mkazi aliyejiandikisha. Mkazi huyo aliweza kuchukua baiskeli katika kituo kimoja, kuitumia kwa safari yake, kisha kuirudisha katika kituo kingine kilicho karibu na alikokuwa akienda. Kwa nchi za Afrika ya Mashariki, ambako baiskeli tangu zamani imehesabiwa kuwa mali ya mtu na jamaa yake, hilo lilikuwa jambo geni. Lakini ugeni wa jambo si kipimo cha faida yake. Swali linalostahili kuulizwa na majirani wote wa Rwanda ni hili: ni mambo gani hasa humfanya mkazi wa mjini, mwenye hiari ya kupanda basi, pikipiki au kwenda kwa miguu yake, achague kupanda baiskeli ambayo si yake?

Swali hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Kigali ina wakazi zaidi ya milioni 1.7. Kila asubuhi wengi wao hutoka majumbani kwenda makazini, masokoni na mashuleni, na safari nyingi kati ya hizo ni fupi. Pikipiki huwachukua kwa haraka, lakini nauli yake humla mfanyakazi wa kima cha chini. Basi ni nafuu zaidi, lakini hungojewa. Fauka ya hayo, mafuta yanayoendesha vingi vya vyombo hivyo huagizwa kutoka ng'ambo, na kwa kuwa Rwanda haina pwani, sehemu kubwa ya mafuta hayo husafirishwa kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mamia ya kilomita. Kila safari fupi inayofanywa kwa nguvu za miguu ni akiba ya fedha za kigeni, ni nafuu kwa mfuko wa mwananchi, na ni hewa safi kwa jirani yake. Ndiyo maana mpango wa namna hii ukifaulu, faida yake ni ya taifa zima, na ukishindwa, hasara yake si ya kampuni peke yake.

Yafaa kwanza kueleza jinsi wazo lenyewe lilivyozaliwa, kwa sababu historia yake ina mafunzo. Mwaka 1965 kikundi cha vijana katika jiji la Amsterdam, Uholanzi, kilipaka baiskeli chache rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli ili kila mwenye haja azitumie na kumwachia mwenzake. Nia ilikuwa njema, lakini polisi walizikamata, kwa hoja kwamba sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Mwaka 1995 jiji la Copenhagen, Denmark, lilijaribu njia nyingine. Baiskeli zilifungwa vituoni, na mtumiaji alitumbukiza sarafu ya krona 20 ili kuifungua moja, kisha akarudishiwa sarafu yake alipoirejesha. Huko nako baiskeli nyingi zilipotea, kwa sababu mtu aliyetoa sarafu hakuacha jina lake popote. Hatimaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, miji ya Ufaransa ilianza kutumia kadi zenye jina la mtumiaji, na mwaka 2007 jiji la Paris likaanzisha mpango mkubwa ulioitwa Vélib' ambao ulitazamwa na dunia nzima. Kwa hiyo miaka 40 ya mwanzo ilifundisha jambo moja, nalo ni kwamba chombo cha wote kisichojulikana kimeshikwa na nani huwa hakina wa kukitunza.

Hata hivyo kujua nani kachukua baiskeli huzuia wizi tu. Hakumfanyi mtu aipande. Hapo ndipo sharti la kwanza linapojitokeza, nalo ni ukaribu. Waliopanga mpango wa Paris walielewa kwamba hakuna mtu atakayetembea robo saa kuitafuta baiskeli itakayompa nafuu ya dakika kumi. Kwa hiyo walivitawanya vituo kiasi cha mita 300 kutoka kimoja hadi kingine. Mpango ulipoanza ulikuwa na baiskeli kiasi cha 10,000 na vituo 750, na baada ya muda mfupi idadi hizo zikaongezwa karibu maradufu. Wingi huo haukuwa fahari ya bure. Mtumiaji wa baiskeli ya umma ana mashaka mawili: kwanza, je, ataikuta baiskeli anapoihitaji? Pili, je, atakapofika, atapata nafasi ya kuirudisha? Mashaka yoyote kati ya hayo mawili yakimpata mara mbili au tatu kwa juma moja, juma linalofuata atarudi kwenye basi lake, na hatatangaza kuondoka kwake.

Kutokana na hilo, kosa ambalo miji mingi huelekea kulifanya ni kuanza kidogo mno, kwa vituo vichache vilivyotapakaa mbalimbali, kisha kungoja kuona kama watu watavipenda. Tahadhari hiyo ina sura ya busara, lakini kwa kweli hujenga kushindwa mapema. Vituo kumi vilivyo karibu karibu katika mtaa mmoja humtumikia mkazi wa mtaa huo kila siku, ilhali vituo kumi vilivyotawanywa jiji zima havimtumikii mtu yeyote barabara. Kwa jiji lenye mfuko mdogo, njia ya busara ni kuchagua eneo moja, kulijaza, kulihudumia vema, na kisha kusonga mbele mtaa hadi mtaa.

Sharti la pili, nalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni usalama wa barabara. Mtu anayeogopa kugongwa na lori hashawishiki kwa matangazo, hata yakipigwa kila siku. Mfano ulio wazi ni wa jiji la Seville, kusini mwa Hispania. Kabla ya mwaka 2006 baiskeli hazikuwa kitu katika jiji hilo, kwani safari zilizofanywa kwa baiskeli hazikufikia asilimia 1 ya safari zote. Serikali ya jiji ikaamua kujenga njia za baiskeli zilizotenganishwa na magari kwa kingo, zenye kuungana kutoka mtaa hadi mtaa, na kufikia mwaka 2010 njia hizo zilikuwa na urefu wa kiasi cha kilomita 120. Mwaka 2007 mpango wa baiskeli za umma uitwao Sevici ukaanzishwa, na ukakua hadi kuwa na baiskeli kiasi cha 2,500 katika vituo kama 250. Katika muda wa miaka michache tu sehemu ya safari za baiskeli ilipanda hadi kiasi cha asilimia 6. Wala Seville si jiji la baridi, kwani wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 40. Waliokuwa wakisema kwamba watu wa nchi za joto hawawezi kupanda baiskeli walijibiwa kwa vitendo.

Siri ya Seville ni kwamba njia hazikujengwa vipande vipande. Kipande cha njia kinachoanza vizuri na kuishia ghafla katikati ya makutano ya magari ni sawa na ngazi iliyokatika kidato cha juu. Aliyepanda hadi hapo yumo hatarini kuliko yule ambaye hakupanda kabisa. Tena, baiskeli na njia zililetwa kwa wakati mmoja, hata watu wakakuta chombo cha kupanda na mahali pa kupita. Mji unaoleta baiskeli bila njia huwapa wananchi wake sehemu ya hatari tu, na mji unaojenga njia pasipo baiskeli za kutosha hujiletea lawama kwamba umepoteza ardhi bure.

Katika jambo hili Kigali ina hatua yake ya kujivunia. Mwaka 2015 sehemu ya katikati ya jiji ilifungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu. Na tangu mwaka 2016 jiji hilo limekuwa na siku maalumu za Jumapili, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili, ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari kwa muda wa saa chache za asubuhi. Wananchi, wakubwa kwa wadogo, hujaa barabarani wakikimbia, wakitembea na kuendesha baiskeli. Umati huo ni ushahidi kwamba wananchi hawaichukii baiskeli, na kwamba wanachokiogopa ni gari. Lakini mfanyakazi haendi kazini Jumapili. Furaha ya asubuhi moja haiwezi kugeuka kuwa desturi ya siku sita nyingine endapo Jumatatu barabara inarudishwa yote kwa magari. Kipimo cha kweli cha mpango wa baiskeli za umma ni siku ya Jumanne saa moja asubuhi, wakati magari yote yako barabarani na kila mtu ana haraka.

Sharti la tatu ni la maumbile ya nchi. Rwanda huitwa Nchi ya Milima Elfu, na jiji la Kigali limejengwa juu ya miinuko na katika mabonde yaliyo kati yake. Mwezi Septemba mwaka 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, njia ya mbio za wanaume iliwapandisha washindani jumla ya mita zaidi ya 5,000, na wengi kati ya mabingwa hao walishindwa kumaliza. Ikiwa mabingwa wa dunia huhema katika vilima hivyo, karani aliyevaa shati jeupe na mama aliyebeba kapu wafanyeje? Kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo kiko bondeni, na katikati ya jiji pako juu ya mwinuko. Kushuka ni raha, na kupanda ni kazi ya jasho.

Kwa baiskeli za umma, mwinuko huleta taabu ya namna ya pekee. Watu huzichukua juu, wakateremka nazo, kisha wakarudi kwa basi. Ifikapo saa nne asubuhi vituo vya juu ni vitupu, na vya bondeni vimejaa hata hakuna nafasi ya kurudishia. Mwenye mpango analazimika kuzipakia baiskeli kwenye magari na kuzirudisha mlimani, na gharama hiyo humeza mapato yake. Jiji la Paris, ambalo nalo lina mitaa ya vilimani, lilikutana na taabu iyo hiyo. Mwaka 2008 likatoa tuzo ndogo, ambayo ilikuwa kwamba kila aliyerudisha baiskeli katika kituo cha mahali pa juu aliongezewa dakika 15 za kutumia bure. Badala ya kumlaumu mtu kwa kuukwepa mlima, mpango ulimlipa kwa kuupanda. Baadaye, mpango wa Paris ulipofanywa upya mwaka 2018, sehemu ya baiskeli zake ikawekewa mota ya umeme inayomsaidia mwendeshaji, na mlima ukapungua makali. Kwa Kigali, na kwa miji mingine ya vilima kama vile Kampala, mafunzo hayo mawili yana thamani kuliko maneno mengi ya hamasa.

Sharti la nne ni bei na namna ya kulipa. Miji mingi iliyofaulu ilifanya muda wa mwanzo wa kila safari uwe wa bure kwa aliyelipa ada ya mwaka au ya siku. Huko Paris zilikuwa dakika 30. Huko Hangzhou, China, ambako mpango ulianzishwa na serikali ya jiji mwaka 2008, ilikuwa saa nzima. Utaratibu huo una hekima mbili. Humhimiza mtumiaji kurudisha baiskeli upesi ili mwingine aipate, na humwondolea hofu ya kuhesabu senti kila anaposimama njiani. Hangzhou iliongeza jambo jingine la maana, ambalo ni kwamba kadi ile ile ya kulipia basi ndiyo iliyofungua baiskeli. Baiskeli haikuwekwa kushindana na basi. Iliwekwa iwe mkono wa basi, imchukue abiria kutoka kituoni hadi mlangoni kwake. Wakazi wa Kigali nao wamezoea kulipia mabasi kwa kadi. Hivyo njia ya kuunganisha huduma hizo mbili haihitaji uvumbuzi mpya. Kinachohitajika ni makubaliano baina ya wenye mabasi na wenye baiskeli.

Hapa hapana budi kutaja kizuizi ambacho mara nyingi hakionekani na wale wanaobuni mipango maofisini. Mpango wa Kigali, kama mingine ya siku hizi, ulitegemea programu ya simu ya mkononi kufungulia baiskeli. Mwenye simu janja, na mwenye fedha ndani ya simu, hapati taabu. Lakini yule kibarua anayefanya safari fupi kila siku, ambaye tangu utoto wake anajua kuendesha baiskeli kuliko mtu wa ofisini, aweza kuwa na simu ya kubonyeza tu. Mtu huyo akifungiwa nje, huduma iliyoitwa ya umma itabaki kuwa burudani ya wachache wanaonyosha viungo jioni. Chombo cha umma ni kile ambacho kabwela aweza kukifungua. Kadi ya bei nafuu inayouzwa dukani, au huduma ya kulipa kwa simu ya kawaida, ni mambo madogo kwa fundi, lakini ndiyo yanayoamua mpango ni wa nani.

Aidha, mwananchi akitakiwa kuweka amana, ni haki yake kuhakikishiwa kwamba ataipata. China ilitoa onyo kubwa katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2016 makampuni binafsi yalimwaga mitaani mamilioni ya baiskeli zisizo na vituo, kila moja ikifunguliwa kwa simu na kuachwa popote. Kwa muda mfupi zilipendwa mno, kwa sababu zilipatikana kila mahali. Lakini hakukuwa na mpango wala kiasi. Baiskeli zikazuia njia za waendao kwa miguu, zikarundikwa kama vilima vya vyuma vikuukuu nje ya miji. Na mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Ofo, iliyokuwa moja ya kubwa kabisa, ilipoishiwa fedha, watumiaji zaidi ya milioni 10 walijikuta wamejipanga kudai amana zao. Imani iliyovunjika hivyo hairudi kwa tangazo. Somo lake kwa serikali za nchi hizi ni kwamba, hata pale ambapo baiskeli ni za kampuni, barabara ni ya wananchi, na kwa hiyo mwenye haki ya kuweka idadi, masharti na dhamana ni jiji.

Yako pia mambo yanayoweza kuondoa hamu bila kukusudiwa. Jiji la Melbourne, Australia, lilianzisha baiskeli za umma mwaka 2010 katika jimbo ambalo tangu mwaka 1990 sheria yake humlazimisha kila mwendesha baiskeli kuvaa kofia ngumu. Sheria hiyo ilitungwa kulinda maisha, na hapana anayebisha kwamba kichwa kilichofunikwa ni salama kuliko kilicho wazi. Lakini baiskeli ya umma huchukuliwa ghafla, na mtu atokaye sokoni hana kofia mkononi. Serikali ilijaribu kuuza kofia za bei rahisi na kuziacha pamoja na baiskeli, ila watumiaji walibaki wachache na mwaka 2019 mpango ukafungwa. Haimaanishi kwamba usalama ni wa kudharauliwa. Maana yake ni kwamba mji unaotaka usalama ni bora uuanzie barabarani, kwa njia zilizotengwa na mwendo mdogo wa magari, kabla ya kumtwika mzigo wote mwendeshaji.

Halafu lipo suala la heshima, ambalo katika nchi za Afrika ya Mashariki lina uzito wake. Kwa wengi, baiskeli ni ngazi mtu anayoipanda akiwa njiani kuelekea pikipiki, na pikipiki ni ngazi ya kuelekea gari. Kurudi kwenye baiskeli huonekana kama kushuka. Wanawake nao katika sehemu nyingi wamezuiwa na mavazi, na zaidi ya mavazi, na macho ya watu. Baiskeli za umma zina nafasi ya kuondoa dhana hizo mbili kwa pamoja. Kiunzi chake kwa kawaida kimeshushwa chini, mtu aliyevaa sketi au gauni aweza kuipanda bila taabu. Na kwa kuwa ni chombo kimoja cha rangi moja kinachotumiwa na mkurugenzi na mesenja wake, hakimtangazii mtu ufukara. Lakini desturi hiyo haiji kwa hotuba. Itakuja pale wakubwa wenyewe watakapoonekana wakizitumia siku ya kazi, pasipo wapiga picha.

Maneno haya yote yanaweza kumfanya mtu afikiri kwamba kuchangia baiskeli ni elimu inayotoka ng'ambo. Ukweli ni kinyume. Miaka ya 1960, katika mji wa Busia ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza kuwabeba abiria na mizigo kwenye viti vya nyuma vya baiskeli zao, kuwavusha sehemu iliyo baina ya vituo viwili vya mpakani. Kutokana na neno la Kiingereza la mpaka, likazaliwa jina la bodaboda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki na kuenea kila kona ya eneo hili. Je, bodaboda ya kwanza ilikuwa nini kama si baiskeli iliyotumiwa na wengi kwa malipo kidogo, mahali ambapo safari ilikuwa fupi, njia ilikuwa wazi, na chombo kilikuwa karibu? Hakuna aliyewahamasisha wale wasafiri wa Busia. Masharti yalitimia, nao wakapanda.

Ndipo mtazamaji anaposhangazwa na mwenendo wa baadhi ya miji. Mwezi Machi mwaka 2022 serikali ya Burundi iliamuru baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria ziondoke katikati ya jiji la Bujumbura, kwa sababu ya ajali na usalama. Ajali ni msiba wa kweli, na serikali yoyote ina wajibu wa kuzipunguza. Lakini maelfu waliokuwa wakipata riziki kwa vyombo hivyo, na maelfu waliokuwa wakivipanda kwa kuwa ndivyo walivyovimudu, walibaki wakitembea. Katika miji mingi ya eneo hili mwendesha baiskeli wa kawaida, yule anayebeba maziwa, mkaa au abiria, hutazamwa kama kizuizi cha magari. Iwapo mji utamfukuza mtu huyo barabarani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ukakaribisha baiskeli mpya zinazong'aa kwa ajili ya wenye simu janja, utakuwa umekosa maana ya neno umma. Njia ya baiskeli inayojengwa kwa fedha za wananchi haina budi kumpokea na huyo mbeba maziwa.

Zipo dalili kwamba jambo hilo limeanza kueleweka. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Jiji la Kampala nalo liliigeuza sehemu ya barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum kuwa njia ya majaribio ya wasiotumia magari. Na Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma mwezi Mei mwaka 2016 ulijengwa pamoja na njia za baiskeli na za miguu kandokando ya Barabara ya Morogoro. Sera na njia hizo zinahitaji kulindwa. Njia ya baiskeli inayoachwa iwe maegesho ya magari, kibanda cha biashara au mchepuko wa pikipiki imekwisha kufa, hata kama mstari wake bado umepakwa rangi.

Kwa Tanzania, jaribio la Kigali lina faida ya pekee kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa. Dar es Salaam ni jiji la tambarare kwa sehemu kubwa, halina vilima vya Kigali. Vituo vya mabasi yaendayo haraka vipo, na abiria wake wengi hushuka hapo wakiwa bado na kilomita moja au mbili za kufika nyumbani, umbali ambao ni mrefu kwa miguu baada ya kazi na mfupi mno kwa nauli ya pikipiki. Umbali huo ndio mahali pa baiskeli ya umma. Na katika miji kama Shinyanga na Tabora, ambako baiskeli haijawahi kuacha kuwa chombo cha kila siku, wapo mafundi kila kona wanaojua kuziba tairi na kunyoosha mnyororo. Baiskeli ya umma hutumiwa na mikono mingi na huchakaa haraka. Mpango usiowatumia mafundi hao, ukategemea vipuri visivyopatikana nchini, utakuwa na baiskeli mbovu kabla mwaka haujaisha.

Kwa jumla, somo la miji yote hii ni moja. Mkazi wa mjini hapandi baiskeli ya umma kwa kuwa ameambiwa ni nzuri kwa afya, au kwamba inaokoa mafuta ya taifa, ingawa yote mawili ni kweli. Huipanda kwa sababu ipo karibu na mlango wake, njia yake haina hatari, mlima umepunguziwa ukali, bei yake anaimudu, ana hakika ya kuirudisha, na hakuna anayemdharau akiwa juu yake. Moja la mambo hayo likikosekana, mengine hulemea upande. Wahenga walisema penye nia pana njia. Katika jambo la baiskeli, miji imeonyesha kwamba penye njia ndipo nia huzaliwa. Kwa hiyo kazi ya serikali za majiji ni kuijenga kwanza njia hiyo, iwe pana, iungane, na iwe ya wote. Baada ya hapo, wananchi wenyewe watajua la kufanya, kama walivyojua wasafiri wa Busia.